Mwongozo kamili: kushuti muvi ya uhalifu usiku kwa bajeti ndogo bila picha kujaa chenga

Malalamiko ni yale yale kila mara. Mtu ana stori nzuri ya jambazi na mpelelezi mchovu, anazima taa ili picha ikae kigizagiza kama neo-noir (muvi za uhalifu za giza giza) alizozoea kuangalia, anashuti mpaka alfajiri, kesho anafungua kompyuta anakuta chenga zinacheza ukutani, sura hazionekani, na lile giza lenyewe sio jeusi, ni kijivujivu kisichoeleweka.

Shida ni hapo kwenye kuzima taa. Hizo muvi unazoziona za giza ziliwashiwa taa nyingi tu, ila mwanga ulipelekwa sehemu chache ukazuiwa kwingine kote. Kamera inahitaji kitu cheupe kidogo ndani ya fremu ndo jicho likubali kwamba sehemu iliyobaki ni nyeusi. Ukilielewa hilo nusu ya kazi imeisha, nusu nyingine ni mikono.

Nitatumia sini moja mwanzo mpaka mwisho ili tuende pamoja: mhasibu yuko peke yake ofisini saa nane usiku, anahesabu hela ambazo sio zake, mlango unagongwa. Baadae anatoka na begi kupitia uchochoroni, anaingia kwenye gari.

## Vitu vya kuandaa

- Kamera inayokubali kufungwa kila kitu kwa mkono. Simu inatosha, app ya Blackmagic Camera ni ya bure na inakuachia ufunge ISO (kiasi kamera inavyokuza mwanga), shata (muda kila fremu inaopokea mwanga) na rangi ya mwanga (kwa Android angalia kwanza kama simu yako inaikubali).
- Tripodi. Usiku shata haiwezi kwenda kasi kwaiyo mkono ukitikisika kidogo tu unaonekana.
- Taa tatu: LED moja yenye nguvu na mbili ndogo za betri. Angalia boksi lake limeandikwa CRI (kipimo cha taa kuonyesha rangi halisi) 90 au zaidi, chini ya hapo ngozi inatoka na rangi ya mgonjwa.
- Taa ya mezani ya kawaida yenye kofia, hii itaonekana kwenye picha.
- Vitambaa vizito vyeusi, maboksi ya kadibodi, foili ya jikoni, vibanio vya nguo vya mbao, tepu nyeusi ya kutosha.
- Shuka jeupe la kulainisha mwanga.
- Maiki ndogo ya kubana kwenye shati, na simu ya pili ya kunasia sauti.
- Ekstensheni, tochi, betri za akiba, memori kadi mbili.

Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu nunua taa, sio kamera. Kamera ya bei mbaya kwenye chumba kisicho na taa inakupa chenga za bei mbaya.

## Hatua ya 1: Kata stori iendane na taa ulizonazo

Una taa tatu, kwaiyo una uwezo wa kuwasha kona moja ya chumba kimoja kwa wakati mmoja. Sini za klabu yenye watu hamsini au msako wa polisi barabara nzima zifute mapema kabla hazijakuaibisha. Stori ya uhalifu haihitaji ukubwa, inahitaji mtu anayeficha kitu na mwingine anayekaribia kukijua, na hao wawili wanaenea kwenye meza moja.

Nenda lokesheni usiku, saa ile ile utakayoshuti. Mchana utaona chumba kizuri, usiku utagundua dirisha linaangalia bango linalowaka kijani au jirani ana jenereta. Angalia rangi ya kuta pia, ukuta mweupe unarudisha mwanga kila upande na kuua vivuli vyako vyote. Kama huna uchaguzi, funika kwa kitambaa cheusi ule ukuta usioonekana kwenye fremu.

Alafu mazoezi. Bajeti ndogo maana yake muda mdogo, na muda unaliwa na waigizaji kusahau maneno huku taa zinachemka. Mwongozaji Christopher Nolan alipopiga muvi yake ya Following, iliyotoka 1998 na kugharimu kama dola 6,000, sini zilifanyiwa mazoezi mpaka nyingi zikapatikana kwa teki (kurekodi) moja au mbili tu, na mwanga ulikuwa zaidi ule wa dirishani. Mazoezi hayana bili.

Umefaulu ukiweza kuchora kila shoti kwenye karatasi na kuonyesha kwa kidole mwanga unatokea wapi. Shoti ambayo huwezi kuionyesha hivyo, usiishuti.

## Hatua ya 2: Funga kamera kabla hujawasha taa yoyote

Kamera ikiwa kwenye otomatiki inafanya kinyume na unachotaka: ikiona giza inapandisha ISO ili chumba kionekane, ndo chenga zinapoingia. Alafu mhasibu akisogea kwenye taa inapunguza ghafla, picha inapumua juu chini, mtazamaji anahisi kitu hakiko sawa hata kama hajui ni nini.

Funga hivi:

Fremu na shata. Fremu 24 au 25 kwa sekunde, shata 1/50. Hapo mwendo wa mtu unakaa kisinema. Ila angalia umeme wa unapoishi: kwenye hertz 50, shata 1/50 iko salama, kwenye hertz 60 tumia 1/60, la sivyo balbu zitaleta mistari inayopanda na kushuka kwenye picha. Ukiiona hiyo mistari, badilisha shata au balbu sasa hivi maana kuitoa baadae ni mateso.

ISO. Panga taa zako ili ubaki chini kadiri inavyowezekana. Kwa simu jaribu kutovuka 400 mpaka 800, kwa kamera kubwa soma kitabu chake ujue ISO yake ya asili ni ipi. Jaribio rahisi: shuti ukuta wa kijivu kwa kila ISO, angalia kwenye skrini kubwa, pale chenga zinapoanza kukukera ndo mpaka wako.

Rangi ya mwanga. Usiache ijichagulie. Weka kama Kelvin (kipimo cha rangi ya mwanga) 4,000 na uiache hapo hapo, nitaeleza sababu kwenye hatua ya 5.

Lenzi ya simu. Tumia ile kuu, ya 1x. Ndo kwa kawaida yenye sensa kubwa na mdomo mpana zaidi. Hizo za pembeni usiku zinakuangusha, na usizumu kwa vidole, sogeza miguu.

Onyo kwa wale wa log, yaani kurekodi picha iliyopauka ili urekebishe rangi baadae: kama kamera yako inarekodi biti 8, achana nayo kwenye sini za giza. Log inabana rangi zote sehemu ndogo, ukija kuzivuta kwenye kompyuta ukuta unapasuka vipande vipande. Picha ya kawaida iliyopunguzwa kontrasti kidogo itakutendea haki zaidi.

## Hatua ya 3: Washa mtu, usiwashe chumba

Hapa ndo panapofia watu wengi, kwaiyo twende taratibu.

Zima kila kitu, hasa taa ya darini. Ile inamwaga mwanga kila kona na kumtia mtu vivuli vibaya chini ya macho. Sasa washa ile taa ya mezani na uiweke ndani ya fremu mbele ya mhasibu wetu. Kazi yake ni kumpa mtazamaji sababu, akiona taa pale mezani hataanza kujiuliza mwanga wa usoni umetoka wapi. Ila isiwe kali mpaka kofia yake igeuke doa jeupe lisilo na kitu ndani. Weka balbu dhaifu, au zungushia karatasi kwa ndani upande wa kamera, LED tu hiyo, balbu ya moto itaunguza karatasi na ofisi ya watu.

Sura yenyewe inawashwa na LED yako kubwa, nje ya fremu, upande ule ule wa taa ya mezani. Iweke juu kidogo ya macho, na muhimu zaidi ipite upande wa pili wa sura, yaani shavu lililo mbali na kamera ndo lipate mwanga na shavu lililo karibu na kamera libaki gizani. Ukiiweka taa upande wa kamera unapata sura bapa ya picha ya pasipoti.

Sasa siri ya umbali. Mwanga hauishi polepole, unaanguka kwa kasi: umbali ukiongezeka mara mbili mwanga unabaki robo. Ukiweka taa mita 1 kutoka usoni na ukuta wa nyuma uko mita 4 kutoka kwenye taa hiyo hiyo, ukuta unapata sehemu moja ya kumi na sita tu, unakuwa mweusi wenyewe bila wewe kufanya kitu. Wengi wanafanya kinyume, wanaweka taa mbali ili "ienee", matokeo yake sura na ukuta vinapata mwanga unaokaribiana na hamna giza tena. Sogeza taa karibu na mtu, sogeza mtu mbali na ukuta. Kwangu hili ndo sheria kubwa kuliko zote humu.

Kama mwigizaji ana ngozi nyeusi sana, usikimbilie kuongeza nguvu ya taa, utaunguza shati lake na ukuta kabla sura haijapata kitu. Ngozi nyeusi inapendeza kwa kung'aa: weka shuka jeupe mbele ya taa ili chanzo kiwe kikubwa, kitoke ubavuni, na mpake mafuta kidogo usoni ili mng'ao uchore mfupa wa shavu na taya. Alafu taa ndogo ya betri nyuma yake, chini chini, iguse bega na ukingo wa kichwa ili asimezwe na ukuta. Ndogo kweli kweli, ikionekana kama taji umezidisha.

Kabla hujarekodi angalia kipimo. Washa mistari ya zebra (inayotokea kwenye skrini pale mwanga unapozidi) kwenye 95, iguse katikati ya taa ya mezani pekee, sio usoni wala kwenye hela mezani. Upande wenye mwanga wa sura unataka uwe katikati ya kipimo cha mwanga, sio chini kabisa, na upande wa giza uwe chini kwa stopu 2 au 3, yaani robo au moja ya nane ya mwanga. Ukitaka picha ya mwisho iwe nyeusi zaidi usijali, utaishusha kwenye kompyuta. Kushusha picha yenye mwanga ni bure, kupandisha isiyo na mwanga ndo unavuna chenga.

Imekaa sawa kama unaona kang'aro kadogo ndani ya jicho la upande wa giza. Jicho likiwa limekufa kabisa mtazamaji hawezi kusoma anachofikiria mhasibu, na sini hii yote ni anachofikiria mhasibu. Kipande cheupe cha kadibodi mezani kitarudisha kale kamwanga.

## Hatua ya 4: Anza kukata mwanga

Taa zimewaka, sasa zuia. Chukua kadibodi zilizofunikwa kitambaa cheusi, zibane kwa vibanio mbele ya LED kwa pembeni na juu ili mwanga usiguse dari wala kuta. Foili nayo inafinyangwa kuzunguka taa, ila isizibe matundu ya kupumulia, taa itachemka ife. Upande wa giza wa sura tundika kitambaa cheusi karibu kabisa na mwigizaji, nje ya fremu tu. Kitambaa hicho kinameza mwanga unaorudi kutoka ukutani, kivuli kinakuwa kizito mara moja. Watu wanashangaa sana wakiona hii kwa mara ya kwanza, kitambaa tu.

Ile michirizi ya blaindi (pazia za vibao za dirishani) ukutani kila mtu anaitaka na kila mtu anaikosa, inatoka ukungu ukungu. Sababu ni taa kubwa au iliyo karibu sana na blaindi. Unahitaji chanzo kidogo, kisicho na shuka mbele, kiwe mbali mita 2 au 3 kutoka kwenye blaindi, na blaindi ziwe karibu na ukuta unaopokea kivuli. Huna blaindi? Kata michirizi kwenye boksi, lisimamishe kati ya taa na ukuta, lisogeze kuelekea ukutani mpaka kingo zikaze. Itumie mara moja kwenye muvi nzima, mara mbili kwa shida. Ikizidi hapo inakuwa utani.

Moshi mwepesi wa mashine unafanya miale ionekane, ila unapandisha weusi wote kuwa kijivu, kwaiyo kidogo sana na usubiri utulie. Usichome kitu chochote ndani ili kupata moshi.

## Hatua ya 5: Rangi mbili zinatosha

Taa ya mezani iwe ya joto, karibu Kelvin 2,700 mpaka 3,200. Taa ya dirishani, inayojifanya mwezi au mtaa, iwe baridi, 5,600. Kamera ukiifunga 4,000, katikati, ya kwanza inatoka chungwa na ya pili bluu, bila kugusa kompyuta. Ndo maana sikutaka otomatiki, yenyewe ingejaribu kuzisawazisha zote ziwe nyeupe.

Rangi ya tatu iwe na kazi. Labda nyekundu inatokea pale tu mlango unapogongwa, inapita chini ya mlango. Wanaojaza zambarau na pinki kila kona ili ionekane ya kisasa wanaishia na video ya muziki.

## Hatua ya 6: Kabla hujatoka nje na bastola ya mchezo

Sehemu fupi ila usiiruke. Silaha halisi haiingii kwenye seti, hata kama mwenyewe anasema haina risasi. Tumia ya plastiki, aishike mtu mmoja tu anayeitoa na kuirudisha kwenye begi, na usimwelekezee mtu moja kwa moja, elekeza pembeni kidogo, pembe ya kamera itadanganya. Mlio na mwako wa risasi uuweke kwenye kompyuta.

Sini ya uchochoroni yenye silaha, fuata kibali na uwape taarifa polisi na majirani wote kabla ya usiku huo. Mpita njia haoni muvi, anaona ujambazi, na askari aliyeitwa kwa ujambazi hafiki akiwa na utani.

## Hatua ya 7: Uchochoro na gari

Nje usishuti kila kitu saa sita usiku kama una taa ndogo. Shoti pana zipige jua likishazama, pale anga ina bluu na taa za mtaa zimeshawaka. Muda huo ni mdogo, dakika 20 hivi, na karibu na ikweta unakimbia zaidi, kwaiyo kamera iwe imeshapangwa. Shoti za karibu ndo unazipiga giza likiwa kamili.

Mwaga maji chini. Lami kavu inameza mwanga, lami yenye maji inarudisha kila taa na kukupa mwanga wa bure. Weka kamera chini, taa iwe mbele yako nyuma ya mwigizaji, akimulikwa kwa nyuma umbo lake linachoreka na maji yanang'aa. Mvua ya bomba ni hivyo hivyo, bila taa ya nyuma haionekani kabisa. Hapa taa ziwe za betri tu, hakuna waya wa umeme kugusa ardhi yenye maji, na mwigizaji avae viatu visivyoteleza.

Gari lisiendeshwe. Liegeshe sehemu yenye giza, zima injini, kamera ibane kwenye sura ya mhasibu na kipande cha kioo. Mtu mmoja apitishe taa kutoka mbele kwenda nyuma juu ya kioo kama taa za barabarani, mwingine apitishe tochi kwa nyuma, mara moja moja, bila mpangilio. Wa tatu analitikisa gari kidogo sana kwenye bampa. Nyunyizia vioo maji vifiche kwamba nje hakuendi kitu. Mpangilio ukiwa sawasawa kama saa, mtazamaji anagundua. Ukiharibika kidogo, anaamini.

## Hatua ya 8: Sauti, usiku unapiga kelele

Chenga kwenye picha watu wanaweza kuvumilia, sauti mbovu wanafunga. Maiki iwe kifuani kwa mwigizaji, kipimo cha sauti kikifika kama desibeli -12 kwenye maneno makali kinatosha. Piga kofi moja mwanzo wa kila teki ili kuunganisha sauti na picha.

Zima friji, feni na AC. Alafu weka funguo za gari lako ndani ya lile friji ulilozima, huwezi kuondoka bila kukumbuka kuliwasha. Mwisho wa kila sini wanyamazishe wote urekodi chumba kitupu sekunde 30 au zaidi. Ule ukimya ndo unaziba mapengo ukikata maneno, na kwenye sini yetu ndo unaobeba hofu mlango ukigongwa.

## Hatua ya 9: Kwenye kompyuta

DaVinci Resolve ya bure inatosha kukata na kurekebisha rangi, ila kuna kitu muhimu haina: kile kifaa chake cha kuondoa chenga kiko kwenye toleo la kulipia. Ndo maana tumehangaika na taa.

Fanya kazi kwenye chumba chenye mwanga hafifu. Shusha vivuli kwa curves (mstari wa kupandisha na kushusha mwanga) mpaka weusi uguse karibu na sifuri bila kulala wote pale, punguza kidogo rangi kwenye vivuli maana chenga za rangi ndo zinazokera zaidi, na sura usiiguse sana. Kama ukuta umetokea na mikanda mikanda badala ya kufifia vizuri, ongeza punje chache za filamu (chenga laini za makusudi) juu ya picha nzima, mikanda inapotea.

Ukitoa faili usibane. Kwa 1080p nenda megabiti 20 kwa sekunde au zaidi, kwa sababu mitandao itaibana tena na giza ndo linaanza kuvunjika vipande. Wengi wanaipandisha iwe 4K kabla ya kuiweka YouTube, faili inakuwa kubwa ila giza linasalimika zaidi.

Jaribio la mwisho: ipeleke kwenye simu ya kawaida, mwanga wa skrini nusu, simama dirishani mchana, angalia sini ya ofisini. Ukiona jicho la mhasibu na mkono wake kwenye hela, toa. Ukiona taa ya mezani tu inaelea, rudi upandishe sura kidogo, sio chumba, na usifute memori kadi mpaka uwe na nakala sehemu mbili.